Mnazi Mlangoni

Kwa dada yangu mpenzi Haula,

Assalaam alaikum, na shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mtwara, pamoja na shemeji na mtoto ambaye bado sijambeba. Sisi tunapumua, alhamdulillahi, ila siwezi kukuandikia kwamba tuko salama.

Tangu tuhamishiwe kwenye nyumba hizi za saruji kupisha kazi ya gesi, Mama hajashika jembe. Shamba tulilopewa limejaa majani. Wenzetu wamekwisha kupanda mihogo, na wengi wameweka mnazi mlangoni. Mama anasema mnazi ndio ushahidi wa mtu: babu aliipanda minazi ile ya kule kwetu pwani, ndiyo maana hakuna aliyethubutu kuuliza pale ni pa nani. Akipanda mwingine huku, anasema, atakuwa ameiachia ile kwa mkono wake mwenyewe. Hata mafurushi mengine hajayafungua.

Baba sasa anapelekwa baharini kwa basi, maana huku ni mbali na pwani. Hutania kwamba siku hizi samaki wanasikia honi yake kabla hajafika. Lakini anachorudi nacho hakitutoshi. Jirani yetu Zuleica alimpigia Mama kelele kutoka uani kwake, akamuuliza, shoga, unangoja nazi zikufuate kwa miguu? Wanawake wakacheka. Mama akafunga mlango, na siku hiyo tulikunywa uji mtupu. Baba ameamua kwamba mvua zikipita bila sisi kupanda, nitaacha shule niende kisiwani Vamizi kwa shangazi, nikafue mashuka ya wageni wa hoteli. Nami dada, nilikuwa karibu kabisa kumaliza darasa la kumi.

Nilimwomba Mama nilime mimi. Akasema nikipanda chochote huku, nisimwite mama. Nikaogopa. Nilikuwa nachukua jembe, nafika nalo mlangoni, nalirudisha. Sikuogopa maneno yake tu. Hata mimi niliona kwamba tukishapanda huku, ndio basi tena.

Sasa nikwambie jambo ambalo Baba amenikataza kukuandikia. Minazi yetu haipo. Faustino, yule kijana anayepika kwenye kambi ya gesi kule Afungi, alitueleza mimi na Baba kwamba kwetu kwa zamani pote pamesafishwa, hata visiki vimeng'olewa. Baba alitaka Mama asijue, asije akafa kwa simanzi. Lakini mimi nilimwona anakufa kwa kungoja. Juzi nikamwambia. Aliniuliza kama hata ule wa kisimani. Nikasema hata ule. Hakulia. Aligeukia ukuta, akajifunika kanga. Baba amenikasirikia kwa kumwambia.

Leo mvua ilipoanza nilitoka na jembe. Kwa haraka nikajikwaruza mguu. Nililima huku nalia. Mama akatokea mlangoni, akaniuliza kwa ukali maji ya mvua hapa yanakimbilia upande gani. Sikujua; sikuwahi kuangalia. Akasema mtu hapandi kabla hajajua hilo, basi nimesoma bure. Akajitanda kanga, akaja kusimama kwenye mvua, ayatazame mwenyewe.

Hajapanda kitu, wala hajanisamehe. Ila tulisimama pale mpaka tukalowa, na yeye ndiye aliyekataa kuingia ndani.

Nisalimie shemeji, mbusu mtoto. Ukimpata mtu anayevuka mto Rovuma kuja huku, mpe atuletee mbegu kidogo ya mpunga. Bado naogopa, dada. Tuombee.

Mdogo wako,
Wahida