Shemeji Hakumsubiri Bwana Mifugo

Buganguzi, Alhamisi. Mvua tangu alfajiri.

Leo nimemfokea shemeji yangu, na sijutii.

Posta ni mbwa wa marehemu mume wangu. Alimpa jina hilo kwa sababu tangu akiwa mdogo alizipitia nyumba zote kumi za balozi wetu kila asubuhi, kama mtu mwenye barua. Tangu mume wangu afariki, miezi miwili sasa, Posta amekuwa akitoroka kufuata majike na kurudi masikio yamechanika. Balozi akalalamika. Shemeji akasema ahasiwe. Naandika ukweli: nilikubali. Lakini nilikubali aje bwana mifugo kutoka Muleba, na sindano yake ya ganzi.

Shemeji hakumsubiri.

Jumatatu, nikiwa kwenye shamba la kijiji, alimfunika Posta kichwa kwa gunia, akamkata kwa wembe, akampaka majivu. Nilimkuta kwenye migomba anatetemeka. Hata mkia hakuutikisa.

Nimekuwa nikikiosha kidonda kwa maji ya uvuguvugu na chumvi. Jana kilivimba, kikaanza kunuka. Leo asubuhi bwana mifugo alifika na baiskeli yake, akasafisha usaha, akamchoma sindano. Akasema akiendelea kujilamba atakufa. Basi nikachukua kikapu cha kuchumia kahawa, alichosuka mume wangu mwenyewe, nikakitoboa kitako, nikamvalisha Posta shingoni. Iliniuma kukikata. Tangu kusukwa kilikuwa kimepinda upande mmoja, na mume wangu hakukubali hata siku moja kwamba kimepinda.

Mchana shemeji akaingia kujikinga na mvua. Akacheka.

"Waitu, shemeji! Na mbwa naye anakwenda kuchuma kahawa?"

Nikamwambia akimgusa tena nitamwita balozi.

"Kwa ajili ya mbwa? Baba yetu aliwahasi hivyo hivyo, wote wakapona."

"Wote?"

Akaangalia mlangoni. "Wengi."

Hapo ndipo nilipofoka. Nilimwita mkatili, nikamwambia atoke nyumbani kwangu, na mvua ile ile. Akatoka na jani la mgomba kichwani, analalamika kwamba msiba umeniharibu akili.

Labda. Homa ilimchukua mume wangu kwa siku nne, na tangu hapo nimekuwa nikiitikia tu. Shemeji na ndugu zake waliamua mahali pa kaburi, nikaitikia. Wakagawana makoti yake, nikaitikia. Koti la kanisani lilikuwa bado na ganda la karanga mfukoni.

Sikujua kama nina hasira nyingi hivi.

Sasa hivi Posta amekunywa mchuzi wa dagaa, kidogo tu, kikapu kikigonga bakuli. Uvimbe upo palepale. Sijui kama atapona.

Kesho nitapasha maji, nitamwosha tena. Na shemeji akija kabla sijapoa, atanyeshewa tena.