Jina la Bauma mu Wimbo wa Wafu

Siku ya Mungu, 2/3
Unisamehe, daftari. Tangu tukimbie Masisi sijaandika kitu. Mikono ilikuwa na mutoto, moyo ulikataa. Tuko Mpofi na mama mukwe, kwa familia moja ya kanisa. Nimetwanga sombe, majani ya muhogo. Mutoto wetu Neema anakohoa. Bwana yangu Bauma bado hajaonekana. Tulipotezana mu njia, mabomu yakianguka. Huu ni mwezi wa pili.

Siku ya tatu, 5/3
Dada yangu Furaha ametuma wimbo kwa telefone, niliupokea asubuhi juu ya kilima. Yeye iko Kanada. Wakimbizi wa kwetu wako na korali yao kule. Wanaimba vita, kilima kwa kilima, na majina ya wafu. Niliusikiliza nyumbani nikimenya muhogo. Wakafika kilima chetu. Wakaimba Bauma.
Nilirudisha mara tatu. Njo yeye, bwana yangu.
Nani aliwaambia amekufa? Kupotea si kufa.

Siku ya tano, 7/3
Mama mukwe amesikia wimbo kwa jirani. Kwetu, jina likiisha kuimbwa kwa kilio, hakuna tena wa kulingoja. Amenyoa kichwa, kama wafiwa wa kwetu. Ameondoa sahani ya Bauma, ile tulikuwa tunamuwekea kila jioni. Akaniletea wembe: "Mama Neema, leta kichwa."
Nikamuambia, "Mama, hizi nywele ziko na mwenyewe."
"Kiburi kama bibi-arusi," akasema. Akacheka kidogo, kisha tukalia wote wawili. Ninamupenda. Ila sinyoi.

Siku ya kwanza, 10/3
Wenye pikipiki wamefika kutoka Pinga. Zamani jirani walikuwa wanawauliza kama wamemuona Bauma. Leo hakuna aliyeuliza. Njo nimepanda kilima kutafuta rezo ya telefone. Nimemuambia Dada: mutoe jina. Akasema walitaka kumupa heshima, huko mbali hawana kitu kingine cha kutufanyia. Nikajibu, heshima yenu imemuzika.
Nilisema vibaya. Sirudi nyuma.

Siku ya posho, 15/3
Wimbo mupya umefika. Jina limetoka. Wanaimba jirani wetu wa juu, halafu wa chini, kama katikati hapakuwa nyumba. Nilizani nitafurahi.
Mama mukwe alisikiliza mpaka mwisho. Sahani hakurudisha.

Siku ya Mungu, 23/3
Mvua. Neema amelala vizuri. Leo hakuna muntu alimutaja Bauma, hata mimi.
Vitu vya kuomba Dada, nikipata rezo: dawa ya kikohozi, ya mutoto wa miaka mitatu. Sabuni. Kitenge kimoja, rangi yoyote isiyo nyeusi. Picha ya ndoa yetu, iko mu telefone yake, yetu iliungua. Na mu wimbo, mbali na wafu, mustari mumoja wa wale wenye hatujui kama wako hai.