Salamu Zisizotumwa za Mdogo Wako

Nyumba iliyo nyuma ya kanisa,
Jumatatu, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mwanangu,

Pokea salamu za shangazi yako. Natumaini kifua kilichokuzuia kusafiri hakikusumbui tena, na kwamba mkeo na watoto ni wazima. Mimi nipo, magoti yanalalamika, lakini bado yananibeba. Baba yako anakula kidogo. Kila asubuhi bado huandaa vikombe viwili vya chai, nasi hatumkatazi.

Nakuandikia kuhusu mdogo wako, fundi wetu.

Hakufika kumzika mama yenu. Hilo ni kweli, wala sitalipamba. Baba yako alisimama kaburini ameshikwa mkono na jirani, mahali alipopaswa kusimama mwanawe. Jioni ile ukatuma sauti yako kwenye kundi la familia: "Mlevi yule asiniite kaka tena." Ikasambazwa hadi mzee wa kanisa akaisikia, na Jumapili iliyofuata mdogo wako akaondolewa kwenye kwaya. Hakuna aliyekwenda kumuuliza neno.

Nilikwenda mimi. Karakana ilikuwa imefungwa kwa ndani. Nilipobisha akauliza, "Shangazi, umekuja na fimbo?"

"Nimeiacha hapa mlangoni. Ukinidanganya nitaifuata."

Akafungua.

Unajua kwamba jeneza alilitengeneza yeye. Usilolijua ni kwamba vipimo pia alivichukua mwenyewe, kwa futi ile ile anayopimia milango ya watu. Aliniambia, "Mama alikuwa amepungua, shangazi. Nilipima tena nikidhani nimekosea." Alipogonga msumari wa mwisho, aliona hataweza kuliona likishushwa. Akanywa mpaka akalala juu ya maranda.

Nilimwambia, "Pole, mwanangu. Lakini ulikosa. Ulimwacha baba yako peke yake." Kesho yake alikuja, akapiga magoti jikoni. Baba yako akamsogezea kile kikombe cha pili.

Pombe hajaigusa tangu siku hiyo, nami humuuliza waziwazi kila tunapoonana. Hata hivyo, ameanza kufunga vifaa vyake. Anasema mwisho wa mwezi atahamia mahali asikojulikana, kwa kuwa hapa kila mtu amekwisha kuisikia sauti ya kaka yake.

Mwanangu, sikukatazi kumkemea ndugu yako. Ni wajibu wetu sisi tunaoomba pamoja. Lakini anayekemea humwendea mwenzake, huketi naye, husikiliza, ndipo husema. Wewe ulihukumu ukiwa mbali, mbele ya watu wote, kwa habari nusu. Nakuambia haya kwa barua ili tuyajue wewe na mimi tu. Moyo wangu umevunjika: nimemzika wifi yangu, na sasa naona wanawe wanazikana wakiwa hai.

Mpigie simu kabla hajaondoka. Mwambie kosa lake, lakini umwambie kama kaka.

Baba yako anakusalimu. Dada yako mshonaji anakusalimu, na amemshonea mwanao wa mwisho sweta. Mdogo wako hakunipa salamu. Aliniuliza tu kama zake bado zinapokelewa kwako.

Mungu akulinde huko uliko, na aulainishe moyo wako.

Ni mimi shangazi yako,
nikupendaye hata ninapokukemea.