Picha ya Kifua Uliyonipa Nisome

Papa,

Usianze kucheka mwandiko wangu. Miaka miwili ya secondaire inatosha kwa kugombana na mufu.

Hapa Katuba, Mama alinyoa nywele. Kazi, ile kampuni yako ya shaba, ilituma bantu babili na maua, bakaikalia kiti yako bila kuomba. Kabanda, jirani wetu mushona viatu, angali ananiita "docteur", lakini sasa anaita na sauti ya huruma. Heri angenichokoza kama zamani.

Unajua ile jina ilitoka wapi. Kila mwaka Kazi ilikuwa inabapiga picha ya kifua, weye na benzako ba ku fourneau, ile tanuru ya kuyeyusha shaba, sababu ya vumbi. Baba bote ba avenue yetu baliweka zile picha chini ya matelas ya kitanda. Na nani alikuwa anabasomea? Miye. Nainua picha ku jua, nafunga jicho moja, nasema hii mbavu iko sawa, hii pafu iko safi, baba, utaona bajukuu mpaka uchoke. Banganga ba lopital balisoma miaka mingi kwa kazi yenye miye nilijifunza kwa page moja ya biologie.

Kisha ukakonda. Macho ikageuka manjano. Ulisema balituma picha zako Ulaya na ndege, banganga bakubwa ba kule baangalie kama mashini ya miali, ile inachoma ugonjwa ndani bila kisu, itakufaa. Ikikufaa, utapanda ndege. Nikatangaza avenue muzima. Nilikuchagulia hata suruali ya safari.

Jibu ikakuya. Ulirudi kutoka lopital na bahasha mukubwa, ukatoa picha, ukanipa mu mikono. "Soma, docteur."

Nikasoma. Hakuna doa hata moja. Nikamuita Kabanda ashuhudie, nikamuita na mama wa beignets, ule muuza mandazi. Nikasema miali itamaliza kazi kwa siku mbili, na pengine haina hata haja. Ulicheka mpaka ukashika tumbo. Nilizani ni kicheko.

Kesho yake ukanituma Lukafu, nikamusaidie baba mudogo kuvuna mahindi. Ulisema nikirudi nitakukuta umenona. Nilipanda camion naimba. Siku ya kumi na mbili bakakuya kunitafuta mu shamba. Nilipofika, sanduku ilikuwa imeisha kupigwa misumari.

Matanga ilipoisha, tukiosha masahani, ndipo Yaya Kabwe alinieleza. Binti yako mukubwa, yenye kunificha hata sukari, alikuwa ananificha na hii. "Ile ulisoma ilikuwa kifua cha mwaka uliopita," alisema. "Ugonjwa ulikuwa ku kongosho, nyuma ya tumbo."

Picha ya kweli ilikuwa kwake tangu ile siku ulirudi na bahasha. Alinionyesha. Nikainua ku jua, na sikuelewa kitu, Papa. Miye, docteur. Ni yeye alinionyesha na kidole mahali doa ilikumbatia mushipa mukubwa wa damu, na vidoa vingine ku maini. Banganga ba Ulaya baliandika kwamba miali itakuchoma bure, heri ubakie na bantu bako. Balikuwa mbali vile, bakaona. Mama alijua. Kabanda naye alijua: alisimama karibu yangu, akaangalia kifua yako ku jua, akaitika kwamba iko safi.

Nilimuuliza Yaya sababu. Eti ulitaka muntu moja mu nyumba asikuangalie kama mufu.

Na ule muntu ni miye. Unaona ni heshima? Ulinichagua sababu ya kinywa changu. Ulijua nikisema mbele ya bantu, sitarudi nyuma kuuliza. Ningekunywesha uji. Ningekuosha miguu. Ningenyamaza, hata miye najua kunyamaza, lakini haukunijaribu. Bengine balipata siku zako za mwisho, miye nikapata mahindi.

Sasa baba ba avenue bananiletea picha zao tena. Nabarudishia, nasema muulize munganga. Bananiona nina kiburi.

Lala, Papa. Nakuahidi kitu moja tu, na hii haina uongo ndani: dimanche, siku ya kanisa, nitakuya na jembe, nilime majani ku kaburi yako. Usingoje nikuongeleshe. Hasira ingali. Nitalima, kisha nitaikala pale karibu yako mpaka jua iingie, na dimanche ingine vile vile, mpaka siku yenye nitaweza kukuita Papa na sauti.

Mutoto wako