Nilibaki na Baiskeli

Koboko, Jumapili

Ningeingia tu. Lango lilikuwa wazi.

Shemeji Yohana, ndugu wa mke wangu, kesho anavuka mpaka wa Oraba kurudi kwao Kaya, Sudan Kusini. Leo aliniomba tupite njia ya mto kwa baiskeli, akamuage marehemu mkewe. Njia ni tambarare, hata magoti yangu hayakulalamika.

Kwenye msikiti wa zamani, alipozikwa baba yangu, Yohana alishuka mbali, akasukuma baiskeli kwa heshima kama tunavyofanya sisi. Akavua viatu, akasimama nami kaburini mpaka nikamaliza dua.

Halafu tukafika kanisa la kale, alipolala mkewe. Nikasimama langoni.

“Nitalinda baiskeli.”

“Nani ataiba hii chuma mbovu, shemeji? Kuja tu. Mungu iko moja.”

“Wewe enda. Mimi iko hapa.”

Niliogopa watu wa msikiti wangu wataniona na kusema. Kwa hiyo alimlilia mkewe peke yake, mimi nimeshika usukani wa baiskeli mbili.

Alipotoka, macho mekundu, alinishukuru kwa kulinda.

Alinishukuru, Ya Rabi. Na njia nzima hatukukutana na mtu hata mmoja.