Jinzi Isiyoguswa na Maji

Bwana Jinzi,

Maharage yako jikoni, yapashe mwenyewe. Ukimaliza ufunge gesi, usituunguzie nyumba. Mama usimtafute chumbani, nampeleka kwa mama mdogo akapumue.

Asubuhi nilikusikia nikiwa bafuni. "Mama, umeniulia jinzi!" Sawa, ni ya bei mbaya, haifuliwi, eti inapauka yenyewe polepole kwa kufuata umbo la mvaaji. Mama angeyajulia wapi hayo? Aliona suruali inanuka, akaisugua kwa vidole vyake vyenye baridi yabisi, akidhani anakusaidia. Mpaka sasa viganja vyake ni vya bluu. Wewe unamfokea, yeye anavificha ndani ya mtandio kama mtoto aliyevunja sahani!

Umesema itadumu miaka kumi. Idumu hata hamsini, haifai hata kupigia deki kama ndiyo inakufundisha kumliza mama.

Iko kwenye kamba, inakauka. Nilishaichukulia mkasi, mama akaninyang'anya.

Halafu ~~mama anasema umsam~~ mama ameniagiza nikuombe msamaha kwa niaba yake.

Sikuombi ng'o.

Dada yako