Usiite Dawa

Saint Paul, Minnesota

Kaka yangu Bakari,

Assalaam aleikum. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu hukuniacha nimalize hata sentensi moja. Mama mguu wake vipi? Na wewe je? Usiniambie "mzima" kama kawaida yako, maana shemeji ameshanieleza kwamba mkono wako wa kulia unatetemeka mpaka chai inamwagika kwenye kisahani. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila nimejaa hasira.

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Mbolea ya ruzuku ulijiandikisha, ukangoja ujumbe kwenye simu, ujumbe ukaja mahindi yashafika magotini, na ulipofika ghalani ukaambiwa magunia yamekwisha, urudi Jumatatu. Hapo niko upande wako. Serikali inayoleta mbolea baada ya mvua ni kama mgeni anayeleta kitoweo watu wameshakula. Halafu viwavijeshi wakaingia, bwana shamba hajaonekana tangu mwaka juzi, na muuza duka akakupimia kitu kwenye chupa ya soda, hakina jina wala karatasi ya maelezo. Ukapiga eka mbili kifua wazi. "Nimekunywa maziwa," unasema, "na isitoshe ni dawa tu, Mwanasha, si sumu." Bakari!

Ngoja nikwambie ya huku. Kazi yangu unaijua, ni kwenye kitalu cha miche na maua, nje kidogo ya Anoka. Hapa hushiki bomba la kunyunyizia mpaka ukalishwe darasani ufanye mtihani. Mimi sijaufanya, kwa hiyo siligusi. Wakishanyunyizia, mlangoni hutundikwa kibao, na hatuingii mpaka saa zilizoandikwa zitimie. Usidhani watu wa huku ni malaika. Jirani yetu mwenye shamba la mahindi hupokea msaada wa serikali, na kila akija kununua miche anailaani serikali hiyohiyo kwa masharti yake ya kupiga dawa. "Wanatunyonga kwa makaratasi," anasema. Natamani nimpandishe ndege aje aione chupa yako ya soda.

Unaona? Na mimi nimeandika "dawa". Hilo ndilo lililonifanya nikae nikuandikie.

Wiki iliyopita mpira wa bomba la kunyunyizia ulipasuka ukammwagia usoni mwenzetu mmoja, Papa Amani, Mkongo wa Bukavu, mtu mzima mwenye heshima zake. Kiingereza bado kinampiga chenga, kwa hiyo mkalimani wake ni mimi. Msimamizi akaniita kwa ukelele, nimwambie akanawe upesi. Nami kwa haraka, kwa mdomo uliozoea, nikasema, "Papa, umemwagikiwa dawa!"

Akatulia. Akatoa leso akajipangusa taratibu. "Ah, bon! Kama ni dawa, hakuna matata, dada. Dawa inaponeshaka." Akarudi kuinua trei zake za miche.

Msimamizi anapiga kelele "maji, maji", Papa ananitazama kwa kuniamini, na mimi natafuta neno jingine silipati. Sijui zilipita dakika ngapi. Ndipo nikapayuka, "Sumu, Papa! Ni sumu!" Hapo alikimbia. Tulimshika kichwa chini ya maji, akapelekwa hospitali. Jicho la kushoto mpaka leo halistahimili mwanga. Daktari anasema huenda likatengemaa. Huenda.

Jumamosi mkewe alikuja kwangu na sahani ya mandazi. "Dada, weye ndiye uliokoa bwana yangu," akaniambia. Nikaipokea ile sahani, nikashukuru, na sikumwambia lolote. Nimeona aibu, kaka. Nitamwambia, lakini wewe ni wa kwanza kujua.

Basi usiniambie dawa. Dawa ni ile anayokunywa Mama kwa ajili ya mguu. Kitu cha kuua tumekipa jina la kuponya, halafu serikali inaacha kiuzwe kwenye chupa za soda, na watu wazima wenye akili zao wanakunywa maziwa juu yake! Maziwa hayaoshi kitu, Bakari. Msimu huu usipige tena. Nenda hospitali, ichukue na hiyo chupa, uwaambie ukweli umekuwa ukifanya nini, wakupime huo mkono. Viwavi waokoteni kwa mkono, watieni jivu. Mahindi yakiliwa nusu tutakula nusu. Papa Amani alikuwa na maji hatua tano tu, na watu wa kumpigia kelele. Wewe shambani uko peke yako.

Nisalimie Mama, umbusu mkono. Nisalimie mjomba Salim, aliyekufundisha hayo ya maziwa, umwambie nina neno naye. Shemeji mpe salamu nyingi, na umwambie chupa hiyo ikipotea nyumbani mkisharudi hospitali, aliyemtuma ni mimi. Ukitaka kugomba, gomba na mimi.

Nduguyo, anayekukasirikia kwa sababu ana kaka mmoja tu,

Mwanasha